Medawar na Siri ya Mwili Kumpokea Mgeni

Peter Medawar alizaliwa Brazil mwaka 1915, baba Mlebanoni, mama Mwingereza. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, huko Glasgow, alishuhudia ngozi ya mtu ikibandikwa mwenziwe aliyeungua, na mwili ukaikataa. Jambo hilo halikumtoka moyoni.

Mwaka 1953 yeye na wenzake walionyesha kuwa panya aliyetiwa chembe za ukoo mwingine angali tumboni mwa mamaye, akikua huipokea ngozi ya ukoo ule. Mwaka 1960 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Burnet wa Australia. Alifariki mwaka 1987.

Leo twajua zimo mwilini chembe zitulizazo kinga. Zile zishambuliazo huchoma sukari kwa wingi, hizi hutegemea zaidi mafuta. Mlango wa elimu hiyo, marehemu ni miongoni mwa walioufungua.