George Washington Carver: Mwalimu wa karanga aliyefikiria chakula cha mfanyakazi wa shambani

Mkate uliopakwa siagi ya karanga ni moja ya vyakula rahisi kuandaa asubuhi na kubeba kazini. Hauhitaji kupashwa moto, haumwagiki, na mtu hushiba. Wengi wetu tumewahi kusikia kwamba siagi hiyo ilibuniwa na mwanasayansi mweusi wa Marekani, George Washington Carver. Habari hiyo si sahihi, ingawa imerudiwa shuleni na redioni kwa miaka mingi. Katika makala haya tunasimulia maisha ya Carver na kueleza alichokifanya hasa. Mwishoni tunataja vitu kadhaa vya kuweka ndani ya mkate unaobeba kazini, kwa kufuata mafunzo yake.

Mtoto aliyekombolewa kwa farasi

Carver alizaliwa karibu na mwaka 1864 katika shamba la Moses na Susan Carver, karibu na kijiji cha Diamond, jimbo la Missouri. Tarehe kamili haijulikani, kwa sababu mama yake, Mary, alikuwa mtumwa, na kuzaliwa kwa watoto wa watumwa mara nyingi hakukuandikwa popote. Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Carver akiwa bado mchanga, wanyang'anyi walivamia shamba wakamteka yeye pamoja na mama yake. Moses Carver alimtuma mtu kuwatafuta. Mtoto alipatikana, na inasimuliwa kwamba farasi alitolewa kama malipo ya kumrudisha. Mama yake hakuonekana tena.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, Carver na kaka yake James walibaki kulelewa na Moses na Susan. Alikuwa mtoto mdhaifu wa mwili, hakuweza kazi nzito za shamba. Alifanya kazi za nyumbani na Susan: kupika, kufua, kushona na kutunza bustani. Susan ndiye aliyemfundisha kusoma. Kazi hizo za jikoni na bustanini baadaye zilimpa riziki, na ndizo zilizompa jicho la kuona thamani ya vitu ambavyo wengine walivitupa.

Safari ndefu ya kutafuta elimu

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. Carver, akiwa bado mvulana mdogo, aliondoka kwenda mji wa Neosho, ambako kulikuwa na shule ya watoto weusi. Alipokelewa na Mariah Watkins, mkunga aliyejua sana dawa za mitishamba, na mumewe Andrew. Kutoka hapo alihama mji hadi mji katika jimbo la Kansas, akifua nguo za watu na kupika ili ajilipie masomo.

Mwaka 1885 chuo kimoja cha Kansas kilikubali maombi yake kwa barua. Alipofika mlangoni na kuonekana kuwa ni mweusi, alirudishwa. Alikaa miaka kadhaa akilima kipande cha ardhi kavu cha Kansas, kisha mwaka 1890 akapokelewa katika Chuo cha Simpson jimboni Iowa, akasoma uchoraji na piano. Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, aliona jinsi alivyoijua mimea, akamshauri ahamie chuo cha kilimo cha jimbo hilo mjini Ames.

Huko Ames alikuwa mwanafunzi wa kwanza mweusi. Mwanzoni hakuruhusiwa kula pamoja na wanafunzi wenzake. Alipelekwa kula katika chumba cha chini ya jengo, pamoja na vibarua wa shamba la chuo. Mama mmoja mzungu aliyekuwa rafiki yake alisafiri hadi Ames, akaketi kule chini akala naye. Carver alivumilia. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya uzamili mwaka 1896, na akawa mtu mweusi wa kwanza kufundisha katika chuo hicho.

Pamba, madeni na njaa

Mwaka huohuo wa 1896, Booker T. Washington, mkuu wa Taasisi ya Tuskegee jimboni Alabama, alimwalika kuongoza idara ya kilimo. Tuskegee ilianzishwa kwa ajili ya kuwaelimisha watu weusi, na haikuwa na fedha nyingi. Carver hakukuta maabara. Yeye na wanafunzi wake walikwenda kwenye majalala kuokota chupa, sufuria na mabati, wakavigeuza kuwa vifaa vya kufanyia utafiti.

Hali aliyoiona vijijini ilikuwa nzito. Familia nyingi za watu weusi zililima ardhi ya wengine kwa makubaliano ya kugawana mavuno. Zilikopa mbegu, chakula na nguo dukani mwanzoni mwa msimu, kisha zililipa kwa pamba. Mara nyingi mavuno hayakutosha kumaliza deni, na mwaka uliofuata ulianza na deni juu ya deni. Kwa kuwa duka na mwenye ardhi walitaka pamba, pamba ililimwa hadi karibu na mlango wa nyumba, na bustani ya mboga ikakosa nafasi.

Chakula kilichobaki kwa watu hao kilikuwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na sukari guru ya maji. Mtu alikula hivyo nyumbani, na alibeba hivyohivyo kwenda kuchuma pamba kutwa nzima. Chakula hicho kilijaza tumbo lakini hakikujenga mwili. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa pelagra, unaotokana na upungufu wa vitamini iitwayo niasini, uliua maelfu ya watu kusini mwa Marekani. Huanza kwa ngozi kuwa na mabaka na kuharisha, na mwisho huvuruga akili.

Kwa nini karanga?

Pamba mfululizo ilikuwa imechosha udongo. Carver aliwaeleza wakulima kwamba mazao jamii ya mikunde, kama kunde na karanga, hurudisha rutuba. Kwenye mizizi yake kuna vinundu vyenye bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuiweka ardhini. Mkulima anayepanda kunde au karanga mwaka huu na pamba mwaka ujao huvuna zaidi bila kununua mbolea nyingi.

Sababu ya pili ilikuwa chakula. Karibu robo ya uzito wa punje ya karanga ni protini. Ina mafuta ya kutosha kumpa mtu nguvu, na ina niasini kwa wingi. Mkulima asiye na fedha za kununua nyama angeweza kuilima mwenyewe.

Kisha ukaja mdudu. Aina ya fukusi anayetoboa vitumba vya pamba aliingia Texas kutoka Mexico mwishoni mwa karne ya 19, akasambaa mashariki mwaka hadi mwaka. Alipofika Alabama, mashamba mengi ya pamba yaliangamia. Wakulima waliogeukia karanga walipata nafuu. Mji wa Enterprise jimboni humo ulijenga hata mnara wa kumkumbuka mdudu huyo mwaka 1919, kwa kuwa ndiye aliyewalazimisha kuiacha pamba na kustawi kwa karanga.

Elimu iliyopelekwa kwa mkokoteni

Carver alijua kwamba mkulima hana muda wala nauli ya kwenda chuoni. Mwaka 1906 Tuskegee ilianza kutumia gari la kukokotwa lililobeba majembe, mbegu na vifaa vya mafunzo kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Aidha aliandika vijitabu 44 kwa lugha nyepesi. Vingi vilikuwa na sehemu ya mkulima na ya mpishi pia.

Kilichojulikana zaidi kilitoka mwaka 1916. Kilieleza namna ya kulima karanga na njia 105 za kuziandaa kwa chakula: supu, mikate, keki, biskuti, peremende, hata aiskrimu. Carver mwenyewe hakudai kuwa amezibuni zote. Mapishi mengi aliyakusanya kutoka kwa wengine, akayaweka mikononi mwa watu ambao hakuna aliyekuwa akiwaandikia.

Hapo ndipo ulipotokea mkanganyiko kuhusu siagi ya karanga. Wenyeji wa Amerika walisaga karanga kwa karne nyingi, kwani zao hilo lina asili ya Amerika Kusini na lilifika Afrika kwa meli za Wareno. Mwaka 1884 Marcellus Gilmore Edson wa Kanada alipewa hataza ya namna ya kusaga karanga zilizokaangwa. Mwaka 1895 daktari John Harvey Kellogg aliomba hataza ya namna yake. Mwaka 1901 jarida moja la mapishi la Boston lilichapisha maelezo ya Julia Davis Chandler ya kupaka siagi ya karanga na jemu ndani ya mkate. Yote hayo yalitangulia kijitabu cha Carver. Yeye alipata hataza 3 tu maishani, za vipodozi na rangi, na hakuna hata moja iliyohusu chakula.

Umaarufu wake ulikuja Januari 1921, alipokwenda mbele ya kamati ya bunge mjini Washington kuwatetea wakulima wa karanga waliotaka ushuru kwa karanga kutoka nje. Alipewa dakika 10, na baadhi ya wajumbe walimkejeli kwa rangi yake. Alifungua sanduku lake, akaonyesha bidhaa moja baada ya nyingine. Mwenyekiti alimruhusu aendelee bila kikomo, na alizungumza muda mrefu kuliko ule aliopewa mwanzoni.

Majani ya porini ndani ya mkate

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia chakula kilipoadimika, Carver aliandika juu ya mimea ya porini inayolika, ile ambayo wakulima waling'oa na kuitupa kama magugu. Mwaka 1942 alikwenda Dearborn, Michigan, kwa rafiki yake Henry Ford, mwenye kiwanda cha magari, ambaye alifungua maabara ya lishe yenye jina la Carver. Tajiri huyo na mtoto huyo wa mtumwa waliketi pamoja wakala mikate iliyojazwa majani hayo.

Carver hakuoa. Akiba yake, takriban dola 60,000, aliitoa kwa ajili ya utafiti Tuskegee. Alifariki dunia Januari 5, 1943, na alizikwa karibu na Booker T. Washington. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ililifanya shamba alikozaliwa kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa.

Tunaweka nini ndani ya mkate?

Carver aliwafundisha watu waanze na kile kilichopo karibu kabla ya kwenda dukani. Kwa msikilizaji anayebeba chakula shambani, kiwandani au kwenye bodaboda, tunapendekeza haya:

Karanga na ndizi mbivu. Kaanga karanga kwa moto mdogo, pukuchua maganda, kisha twanga au saga pamoja na chumvi kidogo hadi zilainike na kutoa mafuta. Paka kwenye mkate na juu yake panga vipande vya ndizi.

Karanga na asali. Hii ndiyo inayodumu zaidi kwenye joto, kwa kuwa haina maji mengi.

Maharage yaliyopondwa. Chukua maharage mazito yaliyobaki jana, yapashe moto hadi yachemke, yaponde na kitunguu kilichokaangwa, yakauke.

Mchicha au majani ya kunde. Kaanga hadi maji yakauke kabisa, ongeza karanga zilizotwangwa. Mboga yenye maji huulowesha mkate.

Parachichi. Ponda na ndimu na chumvi. Ndimu huzuia lisigeuke jeusi haraka. Lile mapema mchana.

Mayai, nyama na samaki huharibika haraka kwenye joto. Ukibeba, kula ndani ya saa mbili na usiache kwenye jua.

Muhimu zaidi, chagua karanga vizuri. Karanga zilizovunwa zikahifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotengeneza sumukuvu, sumu inayodhuru ini na inayoweza kuleta saratani. Kukaanga hakuimalizi. Anika karanga hadi zikauke kabisa, ziweke juu ya chanja mahali penye hewa, na tupa punje zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizo chungu. Usizisage ukidhani ladha itajificha. Na kwa kuwa wapo watu wanaodhurika vibaya kwa kula karanga hata kidogo, uliza kwanza kabla ya kumgawia mwenzako kazini.