Nicholas wa Pili, Kaisari wa Mwisho wa Urusi

Mwaka 1868, siku ambayo Kanisa la Warusi humkumbuka Ayubu mwenye saburi, alizaliwa mtoto mwanamume katika nyumba ya kifalme ya Tsarskoye Selo, karibu na mji wa St Petersburg. Akaitwa Nicholas. Watu wa kwao walikuwa wafalme wa Urusi tangu mwaka 1613, na mfalme wa nchi ile aliitwa Tsar, neno lililotoka katika jina la Kaisari wa Rumi. Hata alipokuwa mtu mzima Nicholas aliikumbuka sana siku ile ya kuzaliwa kwake, akasadiki ya kuwa yeye naye ameandikiwa mateso kama Ayubu.

Mateso ya kwanza aliyaona angali na miaka 12. Babu yake, Alexander wa Pili, ndiye aliyewapa uhuru wakulima waliokuwa mali ya mabwana wenye mashamba. Walakini walikuwako watu waliotaka kuuondoa ufalme wenyewe, na mwaka 1881 wakamtupia kombora njiani. Akaletwa nyumbani hali miguu yake imevunjika, na yule kijana akasimama hapo akamwona akifa. Baba yake akashika enzi, naye alikuwa mtu wa nguvu na mwenye mkono mzito. Akadhani anayo miaka mingi mbele yake, kwa hiyo hakufanya haraka kumfundisha mwanawe kazi ya kutawala. Akafa mwaka 1894, hajatimiza miaka 50.

Basi Nicholas akawa Kaisari naye ana miaka 26, akaingiwa na hofu kubwa. Alikuwa mpole, mwenye adabu, mjuzi wa lugha nyingi. Lakini nchi aliyopewa ilienea toka Ulaya hata bahari ya Japani, na upole peke yake hautoshi kwa kazi kama hiyo. Mwezi huohuo akamwoa Alix wa Hesse, binti wa Kijerumani, mjukuu wa Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye Warusi walimwita Alexandra. Walipendana mpaka mwisho wa maisha yao.

Mwaka 1896 akavikwa taji mjini Moscow. Watu wengi sana wakakusanyika usiku katika uwanja wa Khodynka, maana walisikia kwamba watagawiwa zawadi, vikombe na vyakula. Uwanja ule ulikuwa na mashimo na mahandaki. Kulipokucha watu wakasukumana, wakaangukiana, wakakanyagana, hata wakafa zaidi ya 1,300. Jioni ile palikuwa na karamu ya ngoma kwa balozi wa Ufaransa. Nicholas alitaka kukaa nyumbani aomboleze, bali baba zake wadogo wakamshauri asiwavunjie Wafaransa heshima, akawasikiliza, akaenda. Kesho yake alikwenda hospitali kuwatazama waliojeruhiwa, lakini watu hawakuikumbuka hospitali. Waliikumbuka ngoma.

Mambo kama hayo yalimpata mara nyingi. Mwaka 1904 aliingia vitani na Japani, akashindwa. Januari 1905, siku ya Jumapili, wafanyakazi wa viwanda wa St Petersburg wakiongozwa na padre Gapon walikwenda na sanamu takatifu na picha za Kaisari, kusudi wampe barua ya maombi yao. Mwenyewe hakuwako mjini. Askari wakawapiga risasi, wakafa wengi. Tangu siku ile maskini wengi waliacha kumwita baba. Maasi yakaenea, hata mwezi wa Oktoba akakubali liwepo baraza la wateule wa watu, liitwalo Duma. Lakini baraza lilipomkemea alilivunja.

Alikuwa na binti wanne, kisha mwaka 1904 akapata mwana, Alexei. Mtoto huyu alikuwa na ugonjwa wa damu: akijigonga kidogo tu, damu haikomi kutoka. Wazazi waliificha habari hii, watu wa nchi wasijue. Ikawa mtu wa shamba kutoka Siberia, aitwaye Rasputin, asiyekuwa padre wala tabibu, akamwombea mtoto, na mama akaamini kwamba ndiye amponyaye. Watu waliona tu mlevi mwenye sifa mbaya akiingia nyumbani mwa mfalme, wala hawakujua sababu, wakanena mabaya juu ya Alexandra. Siri ile iliwadhuru kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwaka 1914 vilianza vita vikuu, vilevile vilivyofika hata Tanga na Taveta na kuwaua wapagazi wengi wa Afrika Mashariki. Warusi walikufa kwa malaki. Mwaka 1915 Nicholas akaenda kuwa amiri mkuu mwenyewe, ijapokuwa mawaziri wake walimsihi asiende. Toka hapo kila kushindwa kulihesabiwa juu yake, na mjini alimwacha Alexandra ampe mashauri.

Hata mwaka 1917, tarehe 8 Machi, wanawake wa mji mkuu, ulioitwa sasa Petrograd, wakatoka njiani kudai mkate. (Kwa kalenda ya Warusi ya siku zile ilikuwa bado Februari.) Wafanyakazi wakagoma, wakafuatana nao. Nicholas akapeleka simu kuamuru fujo ikomeshwe. Askari wakapiga risasi siku moja. Siku ya pili wakakataa kuwaua watu wao, wakajiunga nao. Kaisari akapanda gari la moshi arudi kwa mkewe na watoto waliokuwa wakiugua surua, lakini njia ilikuwa imeshikwa na waasi, likageuzwa mpaka Pskov. Huko zikaja simu za majemadari wake, mmoja baada ya mmoja, wakimwomba aache enzi.

Akakubali, enzi iwe ya Alexei. Kisha akamwita tabibu akamwuliza kama mtoto ataweza kupona. Tabibu akamwambia kweli, kwamba hakuna dawa. Nicholas akafikiri kwamba watamtenga na mwanawe mgonjwa. Basi usiku wa tarehe 15 Machi akatia sahihi, akaacha enzi kwa ajili yake na ya mtoto, akampa ndugu yake Mikhail. Mikhail naye akakataa kesho yake. Ufalme wa miaka 304 ukaisha.

Wakafungwa nyumbani mwao, wakalima mboga na kupasua kuni mbele ya askari. Mfalme George wa Tano wa Uingereza, binamu yake, aliogopa kumpokea. Mwezi wa Agosti wakapelekwa Siberia. Mwezi wa Novemba Lenin na Wabolsheviki wakatwaa serikali, na mwaka uliofuata wakawahamishia Yekaterinburg. Huko, usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918, wakaamshwa, wakashushwa katika chumba cha chini, wakauawa kwa risasi wote saba, pamoja na tabibu wao na watumishi watatu. Mifupa yao ikafichwa msituni. Ya Nicholas ilizikwa St Petersburg tarehe 17 Julai 1998. Ya Alexei na dada yake mmoja haikuonekana mpaka mwaka 2007.