Charles Stark Draper, mtu aliyeiwezesha ndege kujua ilipo bila kutazama nje

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndege ya abiria aina ya Boeing 707 ilipovuka bahari usiku, mara nyingi ndani ya chumba cha marubani alikuwamo mtu wa ziada. Huyu ni mwongoza njia. Kazi yake ilikuwa kupima nyota kwa darubini iliyochomoza kwenye paa la ndege, kupiga hesabu kwa penseli na kuchora msitari juu ya ramani. Miaka kumi baadaye kiti chake kilianza kubaki kitupu. Wengi walichangia mabadiliko hayo, lakini jina linalotajwa kwanza ni la profesa wa Marekani, Charles Stark Draper.

Draper alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1901 katika mji mdogo wa Windsor, jimboni Missouri. Shahada yake ya kwanza, aliyoipata mwaka 1922 katika Chuo Kikuu cha Stanford, ilikuwa ya saikolojia. Kisha akaingia Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, na huko ndiko alikofanya kazi maisha yake yote. Akahamia uhandisi, halafu fizikia, na udaktari akaupata mwaka 1938 tu. Inasimuliwa kwamba kabla ya hapo alikuwa amesoma kozi nyingi kuliko mwanafunzi yeyote wa chuo hicho.

Alijifunza pia kurusha ndege, na hapo ndipo alipoanza kujishughulisha na vifaa vya chumba cha marubani. Rubani aliye ndani ya wingu hudanganywa na mwili wake mwenyewe: huhisi ameinyoosha ndege, kumbe imelala upande. Draper alitaka vifaa ambavyo rubani angeweza kuviamini kuliko hisia zake.

Umaarufu ulimjia kwa njia ya vita. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, maabara yake ilibuni kifaa cha kulengea shabaha, Mark 14, kilichowasaidia mabaharia wa Marekani kuzipiga ndege za adui kwa mizinga ya melini. Ndani yake mlikuwa na jairoskopu.

Jairoskopu ni ndugu wa pia wanayochezea watoto. Pia ikizunguka kwa kasi hukataa kuanguka, na mhimili wake hung'ang'ania upande ule ule. Draper alitaka kuchukua jairoskopu kadhaa, kuziweka juu ya jukwaa dogo lisiloyumba hata ndege ikigeuka, na kufunga hapo vipimo vinavyohisi kila badiliko la mwendo. Ukijua ulipoanzia, na ukajumlisha kila badiliko bila kukosa hata moja, utajua ulipo. Huhitaji nyota, rada, wala sauti ya redio kutoka chini.

Wataalamu wakubwa hawakukubali. Mwanafizikia George Gamow alitoa hoja kwamba kipimo kilichofungiwa ndani ya chombo hakiwezi kutofautisha mvutano wa dunia na mwendo wa chombo chenyewe. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kosa dogo la kujua chini ni wapi hujumlishwa nalo, na baada ya saa chache ndege huamini iko mahali isipokuwapo.

Draper alijibu kwa safari. Februari 1953 yeye na wenzake walipanda ndege ya kijeshi aina ya B-29 karibu na Boston na kuelekea Los Angeles, upande wa pili wa Marekani. Mtambo wao, SPIRE, ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Ndiyo uliyoiongoza ndege kuvuka bara zima, bila rubani kuusahihisha njiani.

Baada ya hapo kazi zilimiminika. Mwaka 1961 maabara yake ilipewa jukumu la kubuni mfumo wa kuongoza vyombo vya Apollo hadi mwezini. Draper, akiwa na umri wa miaka 60, aliandika barua kwa shirika la anga za juu la NASA akijitolea kwenda mwenyewe. Hakuchukuliwa, lakini barua hiyo inaonyesha alivyouamini mtambo wake.

Maabara hiyo hiyo, hata hivyo, ilikuwa imebuni pia mfumo wa kuongoza makombora ya Polaris, yaliyobeba vichwa vya nyuklia. Mwaka 1969, vita vya Vietnam vikiendelea, wanafunzi waliandamana nje ya milango yake. Draper aliitetea kazi yake waziwazi. Chuo kikaamua kujitenga: mwaka 1970 maabara ikapewa jina la Draper, na mwaka 1973 ikawa taasisi huru nje ya MIT.

Januari 1970, miezi michache tu baada ya maandamano hayo, Boeing 747 ilianza kubeba abiria kati ya New York na London. Ilikuwa na mifumo mitatu ya aina hiyo, iitwayo Carousel, iliyoundwa na kampuni iliyokuwa imetengeneza pia vifaa vya Apollo. Kabla ya kuondoka, rubani aliandika latitudo na longitudo za mahali ndege ilipoegeshwa, kisha vituo vya njiani, visivyozidi tisa kwa mara moja. Ndege ilipaswa kutulia kwa takriban robo saa wakati mtambo ukijipanga. Angani, kosa la maili moja au mbili za baharini kwa kila saa lilionekana la kawaida.

Lakini mtambo hauwezi kuongoza ndege usipounganishwa. Tarehe 1 Septemba 1983, Boeing 747 ya Korea Kusini iliyotoka Alaska ilipotea njia na kudunguliwa na ndege ya kivita ya Kisovieti. Watu wote 269 waliokuwamo walikufa. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kimataifa uliotolewa mwaka 1993, ama ndege iliachwa ifuate mwelekeo mmoja wa dira, au mtambo uliunganishwa ikiwa tayari iko mbali mno na njia yake. Mwezi ule ule wa ajali, Rais Ronald Reagan aliahidi kwamba ndege za kiraia zitaruhusiwa kutumia setilaiti za GPS zitakapokamilika.

Draper alifariki dunia tarehe 25 Julai 1987 akiwa na umri wa miaka 85. Wakati huo ndege mpya zilikuwa tayari zinatumia miale ya leza badala ya magurudumu yanayozunguka. Ndege kubwa za leo hutumia setilaiti, ila bado hubeba mfumo wa aina yake, kwa kuwa mawimbi ya setilaiti huweza kuvurugwa na mtu aliye ardhini.