Odera Oruka alivyosaka mizizi ya maadili

MTAA wa Buruburu ulipoanza kujengwa miaka ya 1970, awamu baada ya awamu, familia kutoka Nyanza, Ukambani, Magharibi na Mkoa wa Kati zilijikuta zikiishi ukuta kwa ukuta, kila moja na miiko yake. Jirani akimkosea jirani, angehukumiwa kwa mila ya nani?

Swali la aina hiyo ndilo lililomshughulisha Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, safari fupi ya matatu kutoka mtaa huo.

Oruka alizaliwa Ugenya, Siaya, mwaka wa 1944 na kusomea falsafa Uppsala, Uswidi. Aliporejea nyumbani, alikuta wasomi kadhaa wakishikilia kwamba Mwafrika ana mila za pamoja tu, wala hana mtu binafsi anayefikiri kwa hoja. Badala ya kulalamika, alikwenda vijijini kuwahoji wazee, akiwemo babake mzazi, Oruka Rang'inya.

Aligundua wazee wa namna mbili. Wapo walioijua mila barabara lakini hawakuthubutu kuihoji. Wapo pia, mfano Paul Mbuya Akoko, walioipima kwa akili zao na kuikosoa. Hao wa pili aliwahesabu kuwa wanafalsafa hasa, na kitabu chake kuhusu hekima yao kikachapishwa mwaka wa 1990. Ikiwa mzee anaweza kuihukumu mila iliyomlea, basi mila siyo hakimu wa mwisho.

Ajabu ni kwamba mwaka wa 1987 Oruka alitoa ushahidi kuhusu mila za Waluo katika kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, akiwa upande wa ukoo wa Umira Kager. Mjane, Wambui Otieno, aliyetaka mumewe azikwe Matasia, Ngong, alishindwa. Wengi walimwona msomi huyo akiitetea mila ileile aliyowafunza wanafunzi kuihoji.

Miaka miwili baadaye alitoa hoja yake nzito zaidi. Binadamu asiye na chakula, afya wala usalama, alisema, hawezi kutenda kama kiumbe mwenye maadili. Hivyo haki ya kupata kiasi hicho cha chini haitegemei kabila wala mipaka ya nchi. Mkazi wa Buruburu na wa Uppsala wanaidai sawasawa.

Alifariki katika ajali ya barabarani jijini Nairobi mnamo Desemba 1995, akiwa na umri wa miaka 51.