Seyyid Barghash na Maji ya Chemchem

Wengi humkumbuka Seyyid Barghash bin Said kwa jumba la Beit al-Ajaib. Lakini hidaya yake kubwa kwa watu wa Unguja ilikuwa maji.

Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja, na watu wakafa kwa maelfu. Dakta James Christie, tabibu wa Kiskochi aliyekuwapo mjini, aliwahoji wasafiri wa misafara, akaifuata nyuma njia ya maradhi: kutoka nchi ya Wamasai hadi Pangani, kisha kwa vyombo hadi Unguja. Matokeo aliyatoa kitabuni mwaka 1876.

Seyyid Barghash alishika utawala Oktoba 1870, baada ya nduguye Majid kufariki. Zamani alipelekwa uhamishoni Bombay, na huko aliona mji mkubwa unavyoendeshwa. Katika enzi yake, maji safi ya chemchemi yaliletwa mjini kwa mabomba, tajiri na maskini wakateka bila malipo. Kipindupindu huenezwa na maji yaliyoingia uchafu. Bomba lile basi lilikuwa kinga itanguliayo tiba.

Alifariki Machi 1888. Jumba huvutia macho, lakini maji safi huokoa roho.