Paul Ehrlich na Kinga Inayougeukia Mwili Wake

Tarehe 20 Agosti, 1915, wakati majeshi ya Wajerumani na ya Wabelgiji yakikabiliana mpakani karibu na Gisenyi, alifariki dunia katika mji wa Bad Homburg, Ujerumani, daktari mmoja mwenye umri wa miaka 61. Jina lake lilikuwa Paul Ehrlich. Wakulima wa Kanama, katika vilima vilivyo nyuma ya mpaka huo, hawakuwa na sababu ya kumjua. Hata hivyo, mkulima wa leo ambaye viungo vyake vimevimba kwa miezi mingi, na ambaye damu yake inachunguzwa ili zitafutwe kingamwili, ananufaika na kazi ya mtu huyo. Pia anahusika na kanuni moja aliyoiacha, ambayo wafuasi wake waliishika kwa nguvu mno.

Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi, 1854, katika jamaa ya Kiyahudi ya mji mdogo wa Strehlen, ambao siku hizi umo nchini Poland. Tangu ujana wake alivutiwa na rangi za viwandani. Aliona kwamba rangi moja hushika chembe ya namna fulani na kuiacha nyingine, akaingiwa na wazo ambalo halikumtoka maishani: kwamba kila dutu mwilini hushikana na mwenzake tu, kama ufunguo na kitasa chake. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1878, kisha akafanya kazi katika hospitali ya Charité mjini Berlin. Mwaka 1882, Robert Koch alipotangaza kuwa amekiona kijidudu cha kifua kikuu, Ehrlich alitengeneza njia bora zaidi ya kukitia rangi. Baadaye kifua kikuu kilimpata yeye mwenyewe, akaenda Misri kutafuta hewa kavu, akarejea mwaka 1889 akiwa na nafuu.

Baada ya hapo aliigeukia kinga ya mwili. Alieleza jinsi chembe za mwili zinavyotoa kingamwili, ambazo ni kama askari waliofunzwa kila mmoja kumkamata adui wa sura moja tu. Alibuni pia namna ya kupima nguvu za dawa ya dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiua watoto wengi Ulaya. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Elie Metchnikoff.

Afrika ya Mashariki nayo imo katika habari zake. Mwaka 1906 Koch alifika visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria, akawatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya atoksili, iliyotokana na aseniki. Baadhi yao walipofuka. Ehrlich na wenzake waliuchunguza muundo wa dawa hiyo, wakajaribu mamia ya dawa za jamii hiyo, na mwaka 1910 ikatoka Salvarsan, dawa ya kaswende.

Lakini tuirudie ile kanuni. Takriban mwaka 1900, Ehrlich na Julius Morgenroth waliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine. Mbuzi walitoa kingamwili za kuiangamiza damu hiyo ya wenzao, lakini hapana hata mmoja aliyetoa kingamwili za kuiangamiza damu yake mwenyewe. Ehrlich akahitimisha kwamba mwili unaogopa mno kujitia sumu, na kwamba lazima uwe na njia za kujizuia. Yeye mwenyewe alitambua kuwa njia hizo zikiharibika, maradhi yaweza kutokea. Wengi waliomfuata waliisahau sehemu hiyo ya pili, wakafundisha kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa.

Ajabu ni kwamba ushahidi ulikwisha kupita mikononi mwake. Katika miaka yake ya Berlin alimchunguza mgonjwa ambaye mkojo wake ulikuwa mwekundu kila apatapo baridi. Alimfunga kidole, akakitia katika maji ya barafu, akaona chembe za damu zimepasuka. Alidhani chanzo ni mishipa. Mwaka 1904 Julius Donath na Karl Landsteiner, huko Vienna, walionyesha kwamba katika ugonjwa huo mgonjwa ana kingamwili zinazopasua chembe zake mwenyewe. Habari hiyo ilichapishwa, ikasomwa, ikawekwa kando kama kioja.

Ukuta ulianza kubomoka baada ya miongo kadhaa. Mwaka 1940 Erik Waaler wa Norway alieleza kingamwili ya wagonjwa wa baridi yabisi. Mwaka 1956 Noel Rose na Ernest Witebsky, huko Marekani, walitangaza kwamba sungura waliodungwa dutu ya tezi zao wenyewe za shingo walitoa kingamwili dhidi ya tezi hizo. Witebsky alikuwa mwanafunzi wa Hans Sachs, aliyekuwa msaidizi wa Ehrlich. Hivyo mjukuu wa elimu ndiye aliyeyasahihisha mafunzo ya babu.

Leo kingamwili hizo zimekuwa msaada mkubwa wa kutambua maradhi. Zipo zinazoelekea kwenye kiini cha chembe, nazo huashiria lupasi. Zipo za baridi yabisi, za tezi ya shingo, na za kisukari cha vijana, ambazo huweza kuonekana miaka mingi kabla mtu hajaugua. Bila kipimo hicho, mgonjwa wa lupasi mwenye homa, uchovu na maumivu ya viungo aweza kutibiwa malaria mara kwa mara, huku figo zake zikiharibika kimya kimya.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Watu wazima wengi wenye afya njema huwa na kiasi kidogo cha kingamwili hizo, na malaria yenyewe, pamoja na kifua kikuu, huweza kuziamsha kwa muda. Kwa hiyo kingamwili ni shahidi, wala si hakimu. Tabibu humsikiliza shahidi huyo, kisha huvitazama viungo, ngozi na mkojo wa mgonjwa kabla ya kutoa hukumu. Ehrlich alimwona shahidi huyo katika kidole kilichotiwa barafu, akampita. Walioshika kanuni yake bila kuitazama upya walimpita kwa muda mrefu zaidi, na waliolipa gharama ya kuchelewa huko ni wagonjwa.