Poul la Cour: Mwalimu aliyeuhifadhi upepo kwa hidrojeni

ZAIDI ya karne moja iliyopita, mwalimu mmoja wa kijijini nchini Denmark alikuwa amekwishaanza kuutumia upepo kutengeneza gesi ya hidrojeni. Jina lake ni Poul la Cour.

Alizaliwa Aprili 13, mwaka 1846, karibu na mji wa Ebeltoft. Alisomea elimu ya hali ya hewa na kujipatia sifa kwa uvumbuzi wake katika telegrafu. Hata hivyo, mwaka 1878 aliuacha mji mkuu, akaenda kufundisha katika chuo cha wananchi cha Askov, Jutland. Vyuo vya aina hiyo ndivyo asili ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa Tanzania mwaka 1975.

Wakati huo umeme ulikuwa neema ya watu wa mijini. La Cour alihofia kuwa vijiji vitaachwa gizani na vijana watavihama. Mwaka 1891, kwa msaada wa serikali, alijenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme.

Kikwazo kilikuwa kimoja: upepo hauna ratiba. Huweza kuvuma usiku wa manane watu wamelala, ukatulia jioni taa zinapohitajika. La Cour aliamua kuupitisha umeme ndani ya maji ili kuyatenganisha kuwa hidrojeni na oksijeni, kisha akazihifadhi gesi hizo katika matangi. Kuanzia mwaka 1895 hadi 1902, chuo kiliangazwa kwa taa za hidrojeni.

Kazi hiyo haikukosa hatari. Oksijeni kidogo ilipojipenyeza katika hidrojeni, mchanganyiko ulilipuka, na zaidi ya mara moja madirisha ya chuo yalivunjika. Hakukata tamaa. Majaribio yake mengine yalithibitisha kuwa mapanga machache yanayozunguka kwa kasi hufaa kuliko mengi yaendayo polepole.

Mwaka 1902 kinu chake kiligeuzwa kuwa kituo cha umeme cha kijiji, na betri zikachukua nafasi ya hidrojeni. Mwaka 1904 alianza kuwafundisha vijana ufundi wa umeme wa vijijini. Alifariki dunia Aprili 1908. Mwanafunzi wake, Johannes Juul, ndiye aliyebuni mtambo wa upepo wa Gedser wa kilowati 200, uliokamilika mwaka 1957.

Fumbo la La Cour limerejea katika usafiri. Mwaka 2021, huko Brande, Jutland hiyo hiyo, mtambo wa upepo ulianza kutengeneza hidrojeni kwa ajili ya magari. Ndani ya gari, gesi hiyo huungana na oksijeni ya hewani, ikatoa umeme wa kuendesha mota, na kinachobaki ni maji.

Gharama yake ni kwamba zaidi ya nusu ya umeme wa awali hupotea njiani. Ndiyo maana magari madogo mengi ya umeme hutumia betri, huku hidrojeni ikitazamiwa zaidi kwa meli na malori ya masafa marefu. Uchaguzi huo kati ya betri na hidrojeni ndio ulioikabili Askov mwaka 1902.